"Lakini amezaa watoto sita": uzazi, homoni na hatari ya saratani ya ovari (uzi mrefu)

Mwanzisha uzi

Wana jukwaa, salaam.

Uzi huu nauandika kwa sababu ya sentensi moja niliyoisikia mara nyingi mno wakati wa ugonjwa wa mama yangu mdogo: "Lakini huyu amezaa watoto sita." Jirani aliisema, shemeji aliisema, na kilichoniuma zaidi ni kwamba mhudumu wa afya aliyempokea mara ya kwanza naye aliisema, akamwandikia dawa ya gesi na kumruhusu arudi nyumbani. Mama mdogo alikuwa na umri wa miaka 61. Sketi ambayo siku zote aliifunga kwa kifungo chake alianza kuifunga kwa pini kubwa, kisha pini nayo ikawa haifiki, ilhali mikono na shingo vilikuwa vinakonda. Alikuwa akila vijiko vitatu, anasukuma sahani na kusema ameshiba. Miezi minne baadaye, alipopimwa kwa ultrasaundi, tumbo lilikuwa limejaa maji na saratani ilikuwa imekwisha kutoka kwenye ovari, yaani viungo vinavyotoa mayai ya mwanamke, na kusambaa.

Sentensi ile haikuwa ya uongo, na hapo ndipo ilipotuponza. Ni kweli kabisa kwamba mwanamke aliyezaa, hasa aliyezaa mara nyingi, ana hatari ndogo zaidi ya kupata saratani ya ovari kuliko asiyezaa. Kosa lilikuwa kuichukua hatari iliyopungua na kuifanya hatari isiyokuwapo. Kazi yangu ni uchambuzi wa takwimu za afya, si tiba, kwa hiyo nitaeleza yale yanayoonekana watafiti wanapolinganisha makundi makubwa ya wanawake. Mwenye dalili asiishie kwenye uzi huu. Aonane na daktari.

Mwaka 2022 wanawake zaidi ya 324,000 duniani waligunduliwa kuwa na ugonjwa huu, na karibu 207,000 walifariki kwa sababu yake. Ukizitazama namba hizo mbili kwa pamoja utaona tatizo lake kubwa: si saratani inayowapata wengi kama ya matiti, lakini huwaua wengi kati ya wale inaowapata, kwa sababu mara nyingi hugunduliwa ikiwa imekwisha kusambaa. Katika nchi kama Marekani, mwanamke mmoja na ushei kati ya 100 ataipata katika maisha yake yote. Naomba namba hiyo ya mwisho ikae kichwani mwa kila msomaji, maana kila nitakaposema hatari imepungua kwa asilimia 20 au imeongezeka kwa asilimia 30, ninazungumzia sehemu ya hicho kidogo.

Mwaka 1971 daktari Mmisri wa magonjwa ya wanawake, Mahmoud Fathalla, alichapisha katika jarida la Lancet wazo ambalo hadi leo ndilo msingi wa mjadala huu. Kila mwezi yai linapopevuka hulipasua gamba la ovari ili litoke. Jeraha hilo dogo hupona kwa chembe za juu ya ovari kugawanyika na kuliziba, na kila chembe inapogawanyika kuna uwezekano wa kosa katika kunakili jeni. Fathalla aliuliza kama kupevuka kwa mayai mfululizo, mwezi baada ya mwezi bila mapumziko ya mimba wala kunyonyesha, hakulimbikizi makosa hayo hadi yakazaa saratani. Kuna mnyama mmoja anayeipa hoja hii nguvu, naye ni kuku wa mayai. Kuku anayetaga karibu kila siku ni miongoni mwa wanyama wachache wanaopata saratani ya ovari bila mtu kuwasababishia, na anapozidi kuzeeka akiwa bado anataga ndivyo inavyozidi kuonekana kwake.

Tupige hesabu kidogo. Mwanamke aliyevunja ungo akiwa na miaka 12, akakoma hedhi akiwa na miaka 51, hakushika mimba wala hakutumia vidonge vya uzazi wa mpango, amepitia miaka 39 ya mizunguko, ambayo kwa mizunguko 13 kwa mwaka ni zaidi ya 500. Mwenzake aliyevunja ungo akiwa na miaka 15, akakoma hedhi akiwa na miaka 48 na kuzaa watoto wanne, kila mmoja akamnyonyesha kiasi kwamba yai halikupevuka kwa mwaka mzima baada ya kujifungua, ameipumzisha ovari kwa miezi 84, yaani miaka 7. Amebakiwa na miaka 26, sawa na mizunguko karibu 340. Tofauti yao ni mayai 160 na zaidi. Kwa nadharia ya Fathalla, huyu wa pili ana makovu 160 pungufu juu ya ovari zake, na ni kweli kwamba hatari yake ni ndogo zaidi.

Hesabu hiyo inavutia, na kwa muda mrefu niliamini kwamba inamaliza kila kitu. Haimalizi. Mimba moja ya miezi tisa huzuia mayai kama 10 tu, lakini mimba ya kwanza iliyotimia peke yake huhusishwa na kupungua kwa hatari kwa kati ya asilimia 20 na 30, na kila mimba inayofuata hupunguza tena kwa kiasi kidogo zaidi. Miaka 5 ya vidonge huzuia mayai kama 65, na upungufu wake ni asilimia 20 hivi. Kuchelewa kukoma hedhi kwa miaka 5 huongeza mayai 65 yaleyale, lakini hatari hupanda kwa takriban asilimia 6 tu. Umri wa kuvunja ungo nao, ambao kwa hesabu ya mayai ungepaswa kuwa na uzito mkubwa, katika tafiti nyingi hauonyeshi athari ya maana. Kama kila yai lingekuwa na uzito sawa, namba hizi zisingepishana kiasi hicho. Kuna jambo jingine linalofanyika ndani ya mimba ambalo si mapumziko pekee.

Wengi sasa huelekeza macho kwenye projesteroni, homoni inayoulinda ujauzito. Katika miezi ya mwisho ya mimba, kiwango cha homoni hii katika damu huwa kikubwa mara kumi au zaidi kuliko kile cha nusu ya pili ya mzunguko wa kawaida wa hedhi. Majaribio ya maabara yanaonyesha kwamba projesteroni huzisukuma chembe zilizoharibika zijiue zenyewe kabla hazijawa uvimbe. Kama ni hivyo, mimba huipumzisha ovari na pia huisafisha. Kuna ushahidi mmoja unaolingana na fikra hiyo na ambao hesabu ya mayai haiwezi kuueleza: wanawake waliozaa mtoto wao wa mwisho wakiwa na umri mkubwa zaidi wana kinga kubwa kuliko waliomaliza kuzaa mapema. Chembe mbovu huwa nyingi kadiri umri unavyokwenda, kwa hiyo usafishaji wa umri wa miaka 38 huondoa zaidi kuliko wa miaka 22. Maelezo mengine, yanayotaja homoni za tezi ya pituitari zinazoichochea ovari, nayo yapo tangu miaka ya 1980, lakini binafsi nayaona hayana nguvu kama haya.

Kisha kikaja kilichowashangaza hata wataalamu. Kuanzia mwaka 2001, watafiti wa Uholanzi, na baadaye wa Marekani, walichunguza viungo vya wanawake waliorithi jeni yenye kasoro na waliokuwa wameondolewa ovari na mirija ya uzazi kwa kujikinga. Zamani mrija ulikatwa kipande kimoja tu cha kutazamwa kwenye hadubini, na mengine yote yakatupwa. Safari hii walikata ncha ya mrija, ile yenye vidole laini vinavyoikumbatia ovari ili kudaka yai, katika vipande vyembamba vya milimita 2 au 3, wakatazama kimoja kimoja. Humo ndimo walimokuta madoa madogo ya saratani changa, mara nyingine ovari yenyewe ikiwa safi. Leo inakubalika kwamba sehemu kubwa ya saratani tunazoziita za ovari, hasa ile aina kali inayoitwa serasi, ambayo inachukua karibu asilimia 70 ya wagonjwa, huanzia kwenye mrija. Nadharia ya Fathalla haikufa kwa hilo, ila ilihama nyumba, kwa sababu yai linapotoka huja na majimaji yenye kemikali za uchochezi, zile mwili huzitoa unapojeruhiwa, yanayoviogesha vidole hivyo kila mwezi.

Kutokana na hayo ninaomba tuache kuuzungumzia ugonjwa huu kana kwamba ni mmoja. Aina ya endometrioidi na ile ya chembe angavu zina uhusiano wa karibu na endometriosisi, hali ambayo tishu inayofanana na ya ndani ya mji wa mimba huota nje yake. Mwanamke mwenye endometriosisi ana uwezekano kama mara tatu wa kupata aina ya chembe angavu na kama mara mbili wa kupata endometrioidi, ingawa kwa jumla uwezekano wake wa maisha yote bado hauzidi 2 kati ya 100. Inadhaniwa kwamba sehemu ya chanzo ni damu ya hedhi inayorudi nyuma kupitia mirija, na ndiyo maana kufunga uzazi kwa kukata au kubana mirija hupunguza aina hizi mbili karibu kwa nusu, huku kukipunguza saratani zote za ovari kwa jumla kwa robo au zaidi kidogo. Aina ya ute, kwa upande wake, haifuati njia hiyo: vidonge vya uzazi wa mpango havionekani kuikinga, na uvutaji wa sigara, ambao hauongezi aina nyingine kwa kiasi cha kutajwa, huiongeza hii.

Mama mdogo alikuwa na ile aina kali ya serasi. Watoto sita huipunguza, lakini hupunguza aina hii kwa kiasi kidogo kuliko zinavyopungua endometrioidi na chembe angavu. Ningetamani mtu yeyote katika ile miezi minne angelijua hilo, mimi nikiwa wa kwanza.

Karibuni kwa maswali.

Baba Wawili

Ahsante sana kwa uzi huu, na poleni kwa mama mdogo. Mke wangu ana miaka 34 na ametumia vidonge vya uzazi wa mpango kwa miaka saba kwa vipindi tofauti. Dada zake wanamwambia kwamba vidonge huleta saratani, nawe unasema vinakinga. Nani mkweli?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, dada zake wana sehemu ya ukweli na mimi nina sehemu nyingine, kwa sababu swali la kuuliza kwanza ni saratani ipi.

Kwa saratani ya ovari ushahidi ni mkubwa kuliko wa karibu jambo lolote ninalolifahamu katika kinga ya saratani kwa dawa. Mwaka 2008 kundi la watafiti lilikusanya takwimu za tafiti 45 kutoka nchi 21, zenye wanawake zaidi ya 23,000 waliokuwa na ugonjwa na zaidi ya 87,000 wasiokuwa nao. Kila miaka 5 ya matumizi ilihusishwa na kupungua kwa hatari kwa asilimia 20 hivi, na waliotumia kwa miaka 15 hatari yao ilikuwa karibu nusu. Kinga haiishi siku vidonge vinapoachwa. Hufifia polepole, lakini bado ilionekana zaidi ya miaka 30 baadaye. Kwa lugha ya watu na si ya asilimia, katika nchi zenye kipato kikubwa matumizi ya miaka 10 yalipunguza wanaougua kabla ya kufikisha miaka 75 kutoka 12 hadi 8 katika kila wanawake 1,000. Vidonge hivyohivyo hupunguza pia saratani ya ukuta wa ndani ya mji wa mimba.

Sasa upande wa dada zake. Wakati mwanamke anapotumia vidonge, na kwa miaka kadhaa baada ya kuacha, hatari ya saratani ya matiti huwa juu kidogo, kisha hurudi chini. Matumizi ya zaidi ya miaka 5 yanahusishwa pia na ongezeko la saratani ya mlango wa kizazi, ambalo nalo hupungua baada ya kuacha, na hiyo ni sababu nzuri ya mkeo kutoruka vipimo vya mlango wa kizazi. Kuna pia hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Ndiyo maana mwanamke mwenye miaka 35 au zaidi anayevuta sigara hashauriwi kutumia vidonge vyenye estrojeni, na mwenye shinikizo la damu au kipandauso kinachoanza na miwako ya macho anatakiwa amweleze daktari kabla ya kuandikiwa.

Kwa hiyo si sawa kumwambia aache kwa hofu ya saratani, wala si sawa kwa mwanamke wa kawaida kuanza kuvimeza kama dawa ya kuzuia saratani pekee. Anavitumia kwa kupanga uzazi, na kinga ya ovari anaipata humohumo.

Binti Asubuhi

Nimesoma uzi huu usiku kucha. Nina miaka 41, sijajaliwa mtoto, na niliwahi kutumia klomifeni kwa mizunguko mitano nikitafuta ujauzito. Nimeshaambiwa na watu wangu wa karibu kwamba mwili usiozaa hulipiza kisasi. Naomba uniambie ukweli bila kunificha.

Mwanzisha uzi

Dada yangu, pole kwa maneno hayo, na ahsante kwa kuuliza waziwazi.

Ukweli wenyewe ni huu. Kutozaa huongeza uwezekano ukilinganisha na kuzaa, lakini kuongeza huko kunaanzia kwenye kiwango kidogo. Wanawake 100 wasiozaa wakifuatiliwa hadi uzee, karibu 98 hawataupata ugonjwa huu kamwe. Mwili haulipizi kisasi. Ovari yako inafanya kazi iliyoumbwa kuifanya, na kila inapoifanya hubeba uwezekano mdogo wa kosa, kama vile ngozi inavyobeba kwa jua. Hakuna kosa lako humo, na yeyote anayeitumia takwimu hii kukulaumu ameisoma vibaya.

Kuhusu klomifeni, hofu yako ina chanzo. Mwaka 1994 utafiti mmoja wa Marekani ulionyesha kwamba wanawake walioitumia kwa mizunguko 12 au zaidi walikuwa na ongezeko la uvimbe wa ovari, na habari ikaenea. Hoja ilionekana kuwa na mantiki, kwa sababu dawa hizi huichochea ovari ipevushe yai au mayai mengi kwa pamoja. Lakini tafiti kubwa zilizofuata hazikuithibitisha hofu hiyo. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2009, uliofuatilia zaidi ya wanawake 54,000 waliokuwa na tatizo la kupata ujauzito, haukukuta ongezeko la saratani ya ovari miongoni mwa waliotumia dawa za kuchochea mayai wakilinganishwa na wenzao wenye tatizo hilohilo ambao hawakuzitumia. Huo ndio ulinganisho wa haki. Ukimlinganisha aliyetumia klomifeni na mama wa watoto wanne, hutajua kama tofauti imeletwa na dawa, na kutozaa, au na kile kilichozuia mimba tangu mwanzo.

Na hilo la mwisho ndilo ningependa ulifuatilie zaidi kuliko dawa. Kama sababu ya kutopata ujauzito ilikuwa endometriosisi, au kama una hedhi zenye maumivu makali ambazo hazijawahi kuchunguzwa, mweleze daktari wa magonjwa ya wanawake na uombe ufuatiliwe ipasavyo. Kama haikuwa hiyo, mizunguko mitano ya klomifeni isikukoseshe usingizi.

Mkunga Mstaafu

Nimefanya kazi ya kuzalisha kwa miaka mingi, na naona kunyonyesha kumetajwa kwa haraka mno. Naomba niongeze. Kunyonyesha huzuia yai kupevuka kwa sababu mtoto anapofyonza chuchu mara kwa mara, ubongo wa mama hupunguza ile ishara inayoiamsha ovari. Ufyonzaji ukipungua, kwa mfano mtoto akilala usiku kucha bila kunyonya au akipewa vyakula vingine mapema, yai huweza kurudi kabla hata hedhi haijaonekana. Kwa hiyo kusema tu kwamba mama "alinyonyesha" hakutuambii ovari yake ilipumzika kwa kiasi gani. Vilevile nataka kujua kuhusu dawa za homoni wanazopewa wanawake waliokoma hedhi, maana hilo hukuligusa kabisa.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mkunga, na ahsante kwa kunisahihisha.

Takwimu zinakuunga mkono. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020, uliounganisha tafiti 13 zenye wagonjwa karibu 10,000, ulikuta kwamba waliowahi kunyonyesha walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 24 kuliko wale waliozaa lakini hawakunyonyesha. Nasisitiza maneno "waliozaa lakini", kwa sababu hapo kinga ya mimba yenyewe imekwisha kutengwa. Hata kunyonyesha kwa chini ya miezi mitatu kwa kila mtoto kulihusishwa na upungufu wa asilimia 18, na mwaka mmoja au zaidi kwa kila mtoto ukafika asilimia 34. Kinachonigusa katika matokeo hayo ni kwamba kinga ilionekana pia katika ile aina kali ya serasi.

Dawa za homoni baada ya kukoma hedhi zinaelekea upande mwingine kabisa, na nakiri nilipaswa kuzitaja mapema. Wanawake wengi huzitumia kwa sababu ya mwili kuwaka joto ghafla, kukosa usingizi na ukavu wa uke, na kwa baadhi yao ni nafuu ya kweli ambayo hakuna mtu anayepaswa kuibeza. Mwaka 2015 uchambuzi wa tafiti 52 ulionyesha kwamba waliokuwa wakizitumia, hata kwa chini ya miaka mitano, walikuwa na hatari kubwa zaidi kwa zaidi ya theluthi moja, hasa ya aina za serasi na endometrioidi. Ongezeko lilionekana kwa dawa zenye estrojeni pekee na kwa zile zenye estrojeni pamoja na projestini (homoni ya kutengenezwa inayofanana na projesteroni), na lilipungua taratibu baada ya kuacha. Kwa idadi ya watu, wanawake 1,000 wakizitumia kwa miaka 5 kuanzia umri wa miaka 50 hivi, ataongezeka mgonjwa mmoja ambaye vinginevyo asingeugua. Mmoja kati ya 1,000 si sababu ya kumnyima dawa mwanamke ambaye hajalala vizuri kwa mwaka mzima. Ni sababu ya kumweleza kabla hajaanza, na ya kupitia upya kila mwaka kama bado anazihitaji.

Huenda mtu akauliza inakuwaje estrojeni na projestini zikinge zikiwa kwenye vidonge vya uzazi wa mpango na zidhuru zikiwa kwenye dawa za baada ya kukoma hedhi. Tofauti inadhaniwa kuwa ni kwamba katika umri wa kuzaa zinaikuta ovari inayopevusha mayai na kuisimamisha, ilhali baada ya kukoma hedhi hakuna yai la kusimamisha, na kinachobaki ni chembe kuendelea kupokea ishara ya kukua katika umri ambao zimekwisha kukusanya makosa ya miaka mingi.

Mwana wa Pili

Mama yangu alifariki kwa saratani ya ovari akiwa na miaka 48, na dada yake aliugua saratani ya matiti. Mimi nina miaka 33 na watoto wawili. Je, nikapime ultrasaundi kila mwaka?

Mwanzisha uzi

Dada, pole sana kwa mama. Kwako wewe historia ya uzazi si jambo la kwanza, na naomba usome hili kwa makini.

Mama aliyeugua kabla ya miaka 50 na dada yake mwenye saratani ya matiti ni sababu tosha ya kuomba ushauri wa kijenetiki na kipimo cha jeni za BRCA1 na BRCA2, ambazo zikiwa na kasoro hupandisha hatari ya saratani za ovari na matiti. Kasoro katika BRCA1 hupandisha uwezekano wa maisha hadi karibu 40 kati ya 100 au zaidi kidogo, na katika BRCA2 hadi kati ya 11 na 17 hivi, kutoka kwenye ule mmoja na ushei nilioutaja mwanzoni. Ukikutwa nayo, madaktari kwa kawaida hushauri kuondoa ovari na mirija baada ya kumaliza kuzaa, kati ya miaka 35 na 40 kwa BRCA1, na hadi kati ya 40 na 45 kwa BRCA2. Vidonge vya uzazi wa mpango hupunguza hatari ya ovari hata kwa wenye kasoro hizi, lakini suala la matiti linahitaji kupimwa na mtaalamu anayekujua. Watoto wako wawili wanakusaidia kidogo. Hawawezi kuifuta kasoro iliyorithiwa.

Kuhusu ultrasaundi ya kila mwaka, kwa wanawake wasio na dalili wala hatari ya kurithi haijaokoa maisha. Nchini Uingereza wanawake zaidi ya 202,000 waliokwisha kukoma hedhi waligawanywa katika makundi, wengine wakapimwa kila mwaka kwa kipimo cha damu cha CA-125 (protini ambayo mara nyingi huongezeka katika saratani ya ovari) au ultrasaundi, na wengine hawakupimwa, na matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba idadi ya vifo haikupungua. Kwa hiyo ultrasaundi safi isikufanye uache kipimo cha jeni.

Wakati ukisubiri, ujue dalili zenyewe: tumbo kujaa, maumivu ya tumbo au nyonga, kushiba upesi na kubanwa na mkojo kila mara. Kila mtu huzipata siku moja moja. Zinazotakiwa kuchunguzwa ni zile mpya, zilizoanza ndani ya mwaka mmoja, na zinazotokea zaidi ya siku 12 kwa mwezi. Zikikupata, nenda ukiwa umeziandika kwenye karatasi pamoja na tarehe, na umwambie daktari mambo kwa mpangilio huu: zimeanza lini, zinatokea siku ngapi kwa mwezi, mama yako aliugua nini na akiwa na umri gani, na dada yake aliugua nini. Idadi ya watoto wako uitaje baada ya hayo yote kuandikwa kwenye faili lako.